Wakaazi, Diwani na Mtaro wa Maji

Mvua ya masika inyeshapo juu ya jiji la Dar es Salaam, na maji yakatafuta njia ya kuteremkia kwenye Mto Msimbazi au Mto Ng'ombe, hayaulizi uwanja yanaoupita ni wa nani, wala mpaka wa mtaa huu na ule uko wapi, wala barabara ile imo katika dhamana ya ofisi gani. Na yule aliyeuziba mtaro kwa kifusi mbele ya mlango wake ili apate nafasi ya kuweka kibanda cha biashara, aghalabu siye anayeamka usiku akakuta godoro lake linaelea, bali ni jirani yake wa chini, ambaye labda hata salamu hawajapata kupeana. Mlango mbovu mtu huutengeneza mwenyewe, na ugomvi wa mume na mke huamuliwa na wazee wa pande mbili. Lakini mtaro uliozibwa ni jambo la wengi, na hauzibuki ukabaki wazi mpaka wenye nyumba, wapangaji, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani na wahandisi wa serikali wawe wamekubaliana neno moja. Kwa sababu hiyo nimeuchagua mtaro kuwa mfano wa makala haya, ambayo kusudi lake ni kueleza jinsi wakaazi na madiwani wao wanavyoweza kuondoa kero za mahali kwa pamoja, na kwa nini mara nyingi hawafaulu.

Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba dawa ya kero za mtaa ni kupata diwani mwema, mtu wa watu, anayesalimia njiani na kuhudhuria misiba. Tukimpata tunamtwika mizigo yote, na mizigo isipofika tunamgeuka na kumwita mwongo. Sikatai kwamba wema una baraka zake. Lakini nikiangalia mahali ambapo watu na madiwani wao wamefanikiwa, na mahali ambapo wameshindwa, naona kuwa tofauti haikutoka katika tabia ya mtu mmoja, bali katika safari ya lalamiko lenyewe: kama liliandikwa, likaelezwa mahali lilipo na ukubwa wake, likapelekwa kwa ofisi yenye dhamana nalo, na kisha jibu lake, liwe la kukubali au la kukataa, likarudishwa likasomwa mbele ya watu wale wale waliolitoa. Safari hiyo ikikatika popote, hata diwani mwadilifu kuliko wote hubaki na maneno matupu mdomoni.

Historia ya Tanzania Bara ina funzo kubwa juu ya jambo hili, na yafaa vijana walisikie, maana wazee walioliona kwa macho wanapungua kila mwaka. Mwaka 1972, chini ya siasa iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na hazikupita siku nyingi mabaraza ya miji nayo yakafuata. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kuwasogeza wataalamu na fedha karibu na wananchi, nami sina sababu ya kulishuku. Lakini kwa kuwa waliosogezwa karibu walikuwa watumishi walioteuliwa, na walioondolewa walikuwa wawakilishi waliochaguliwa, mwananchi wa mjini alijikuta hana tena mtu wa kumsimamisha njiani na kumwuliza kwa haki habari za taka zilizorundikana nyuma ya soko. Miji ikachakaa. Barabara za ndani zikawa makorongo, mifereji ikajaa mchanga, maji safi yakawa adimu, na kipindupindu kilipozuka nchini mwaka 1977 kilikuta miji haina msimamizi wa usafi wake. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 zikafuata sheria mbili ambazo mpaka leo, pamoja na marekebisho yake mengi, ndizo msingi wa serikali za mitaa, yaani Sheria Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 ya mamlaka za miji. Na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena nchi nzima.

Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere, alipohojiwa juu ya mambo ambayo asingeyarudia lau angepewa nafasi ya kuanza upya, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kufutwa kwa vyama vya ushirika. Naitaja kauli hiyo si kwa kumhukumu mtu aliyekwisha kwenda mbele ya haki, bali kwa kuwa haitokei mara nyingi mtawala aseme hadharani kwamba aliondoa kitu ambacho watu walikihitaji; na kitu chenyewe, tukikichungua, hakikuwa majengo wala magari ya baraza, bali njia ya lalamiko kupanda juu na jibu kushuka. Leo Katiba ya nchi, katika ibara ya 145 na ya 146, inazitaja serikali za mitaa kwa jina, na inaeleza kuwa madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Utaratibu uliotokana na sheria hizo si mgumu kuuelewa, ingawa watu wengi wanaoishi ndani yake hawajapata kuelezwa. Mijini ngazi ya chini ni mtaa, na nchi ina mitaa zaidi ya 4,200. Mtaa una mwenyekiti wake na kamati ya wajumbe watano, ambao wawili miongoni mwao ni wanawake wa viti maalumu. Nao huchaguliwa kila miaka mitano, katika uchaguzi ambao hutangulia kwa mwaka mmoja ule wa Rais, wabunge na madiwani, kama ilivyokuwa mwaka 2019 na mwaka 2024. Pamoja nao yuko mtendaji wa mtaa, ambaye hakuchaguliwa na mtu bali ameajiriwa na halmashauri, na ndiye mshika kalamu. Vijijini, ambako kuna vijiji zaidi ya 12,000, halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe kati ya 15 na 25, na mkutano mkuu wa watu wazima wote hupaswa kufanyika kila miezi mitatu.

Hapa pana tofauti ambayo wakaazi wa mijini hawana budi kuijua. Kijiji kina hadhi ya kisheria: chaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa, na kutunga sheria ndogo zake. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa wa Manzese au Buguruni hawezi kutunga amri ya kumtoza faini mtu anayetupa taka mferejini. Linalowezekana kwake ni kuitisha mkutano, kusuluhisha, kuandika na kupeleka mbele. Ndiyo kusema kwamba mjini, kuliko shamba, nguvu ya wakaazi hupita kwa diwani, na mtaa usio na masikilizano na diwani wake ni kama mtu mwenye hoja nzuri aliyefungiwa nje ya mahakama.

Diwani ni mwakilishi wa kata, na kata hukusanya mitaa kadhaa. Katika kata ana kikao chake ambacho watu wengi hawakifahamu, nacho ni Kamati ya Maendeleo ya Kata: yeye ni mwenyekiti, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, madiwani wa viti maalumu wakaao katika kata ile ni wajumbe pia, na mtendaji wa kata ni katibu. Hiki ndicho kizingiti cha kweli. Hoja iliyotoka mtaani ikiingia humo na kuandikwa, imeshapata miguu. Ikiishia kwenye mazungumzo ya msibani au katika simu aliyopigiwa diwani usiku, haina kumbukumbu, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kusahau jambo lisiloandikwa popote. Kutoka hapo diwani huichukua mpaka kwenye Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo ya mwaka, na ambamo taarifa za kata zote husomwa mbele ya mkurugenzi na wakuu wake wa idara. Mikutano hiyo ya baraza ni ya hadhara. Raia yeyote ana haki ya kuingia akaketi na kusikiliza kama diwani wake amesema alichotumwa. Ni watu wachache mno waitumiao haki hiyo, na mimi naiona kuwa hasara kubwa, kwa sababu mjumbe anayejua kuwa aliyemtuma ameketi nyuma yake husema kwa namna nyingine.

Tena kuna suala la wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Mipango ya mtaa na kata inatakiwa iwe imekusanywa miezi mingi kabla ya hapo, na kwa kazi hiyo serikali iliweka tangu mwaka 2002 utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao chini yake wakaazi huketi na wawezeshaji wakahesabu walichonacho, wakataja kinachowakwamisha, na wakapanga kipi kitangulie. Watu wanaokuja juu mwezi Aprili, maji yakiwa tayari yamo ndani ya nyumba, wakidai mtaro katika wiki ile, hudai haki yao; lakini fedha ya mwezi huo ilipangwa mwaka uliopita, na ya mwaka ujao imeshafika Dodoma. Diwani anayewaeleza watu wake kalenda hii mwezi Septemba, wakati jua linawaka na hakuna anayekumbuka mafuriko, amewatendea hisani kubwa kuliko anayewaletea mchele wakati wa gharika.

Sasa tuutazame mtaro wenyewe na tuulize ni wa nani, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapopotea njia. Ikiwa unapita kando ya barabara ya mtaa, dhamana yake ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, ambao ulizichukua barabara hizo kutoka mikononi mwa halmashauri. Ikiwa kinachotiririka ni maji taka ya bomba lililopasuka, anayehusika Dar es Salaam ni DAWASA. Ikiwa maji yameshaingia mtoni, na mto umehama njia yake kwa sababu ya watu wanaochimba mchanga, imo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ikiwa kilichouziba ni taka za majumbani, swali ni la halmashauri na la kikundi au mkandarasi aliyepewa kazi ya kuzoa. Yumkini mtaro mmoja wa urefu wa kutoka msikitini mpaka sokoni ukawa na mabwana wanne, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole. Diwani hana amri juu ya TARURA, wala juu ya DAWASA; alicho nacho ni mlango wa kuingilia, barua ya kata yenye muhuri, na uwezo wa kuwaita maofisa hao waje wajibu mbele ya kikao. Mkaazi asiyelijua hili atamlaumu diwani kwa kosa la wengine, na diwani asiyelisema wazi, kwa kuogopa kuonekana hana nguvu, hujichimbia kaburi la kura zake mwenyewe; kwani ahadi aliyoitoa haikuwa katika uwezo wake tangu mwanzo.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Hanna Nassif, katika wilaya ya Kinondoni, mahali ambapo sasa ni kata yenye jina linaloandikwa Hananasif. Ni makaazi yaliyoota bila ramani ya serikali, juu ya mteremko unaoshuka kwenye bonde la Msimbazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa na watu wapatao 20,000. Kila masika maji yalikuwa yakikata njia, yakiingia vyooni na kutoka na uchafu wake mpaka vyumbani, na maradhi yakifuata. Wakaazi hawakungoja wapimiwe viwanja kwanza. Waliunda chama chao cha maendeleo, wakafikisha shida yao kwa wakuu wa jiji, na jiji, ambalo wakati huo lilikuwa limeanza mpango wa kulitengeneza upya kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, likakubali kwamba pale pawe mahali pa kujaribia njia mpya ya kazi. Shirika la Kazi Duniani likaleta wataalamu, taasisi ya Ford ya Marekani ikachangia fedha, wasomi wa chuo cha Ardhi wakaingia, na wakaazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakachimba mitaro, wakajenga kuta zake kwa mawe na saruji, na wakamwaga changarawe njiani, kwa ujira.

Neno la ujira nalitia mkazo, kwa sababu ndilo linaloutofautisha mradi ule na desturi ya kuwaita watu kwenye kazi ya kujitolea kila mara serikali ipungukiwapo fedha. Msaragambo ni jambo jema na lina adabu zake. Kufagia uwanja wa shule au kuzibua mfereji wa mbele ya nyumba kwa siku moja ya Jumamosi hakumdhuru mtu. Lakini kumwita mtu maskini, ambaye chakula cha jioni cha watoto wake hutegemea kibarua cha asubuhi, akafanye kazi ya wiki nzima ya kujenga mtaro wa umma bila malipo, na kuuita ukatili huo ushirikishwaji, si haki. Hanna Nassif kulikuwa na mikataba baina ya jiji na chama cha wakaazi, ikieleza nani atafanya nini, na nani atalipa nini. Mkataba uliwatoa wakaazi katika hali ya waombaji ukawatia katika hali ya upande wenye haki na wajibu. Nao walipokuja kuzungumza na wakuu walizungumza wakiwa na karatasi mkononi.

Faida ya karatasi hiyo ilidhihirika kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwezi Juni mwaka 1996 serikali kuu ililivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya kushindwa kazi, na jiji likawekwa chini ya Tume iliyoongozwa na Charles Keenja mpaka mwaka 2000, zilipoanzishwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kwa muda wa miaka minne mji mkubwa kuliko yote nchini haukuwa na madiwani. Tume ilisafisha mambo mengi, na watu wengi wanaikumbuka kwa shukurani. Ila mkaazi hakuwa na mjumbe wa kumwendea. Kazi ya Hanna Nassif haikufa katika muda huo. Awamu yake ya pili ilifanyika humo humo, kwa kuwa kulikuwa na chama chenye watu wanaojuana, chenye maandishi, na chenye mazoea ya kudai na kudaiwa. Kwangu mimi huu ni ushahidi kwamba wakaazi waliojipanga hawapotei hata wakiondokewa na wawakilishi wao.

Pamoja na sifa hizo, haifai tuueleze mfano huu kana kwamba ulimaliza taabu zote. Sehemu za chini kabisa za bonde zimeendelea kufurika, na gharika la Desemba 2011, ambalo lilisemwa kuwa halijaonekana mfano wake jijini tangu mwaka 1954, liliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam, likawaondoa wengi bondeni, na serikali ikawapa baadhi yao viwanja huko Mabwepande. Mtaro mzuri wa juu huongeza kasi ya maji yanayomfikia mtu wa chini, na mtaa mmoja ukijitengeneza peke yake bila ya kushauriana na jirani zake huenda ukawa umempelekea mwenzake msiba. Hili nalo ni jambo ambalo halionekani katika mkutano wa mtaa mmoja, na huonekana tu pale diwani anapowakutanisha wenyeviti wote wa kata, na madiwani wa kata zinazopakana wakaketi pamoja juu ya ramani moja.

Ramani hizo, kwa bahati njema, sasa zipo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakaazi wa Tandale walipita uchochoro kwa uchochoro wakiwa na vipokezi vya setilaiti mkononi, wakachora ramani ya Tandale iliyoonyesha vyoo, visima, shule, zahanati na majalala, katika mtaa ambao kwenye ramani nyingi za wakati ule ulionekana kama doa tupu. Tangu mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa katika mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi na wakaazi waliorodhesha mitaro ya kata nyingi za jiji, upana wake na kina chake, na wapi imeziba. Nao wazee wa mtaa wakaulizwa maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani, wakaonyesha kwa mkono. Fikiri nguvu ya ushahidi huo. Mkaazi aliyekuwa akisimama mkutanoni na kusema, "Mheshimiwa diwani, tunateseka na maji," sasa aweza kusema kwamba mtaro fulani, kutoka nyumba hii mpaka kalavati lile, umejaa mchanga kwa urefu wa hatua kadha, na kwamba maji yalifika kiunoni kwenye nyumba kadha. Kauli ya kwanza hupata pole. Ya pili huingia katika muhtasari, na muhandisi akiisoma anajua atume nini.

Nimesema kwamba hoja hupanda kwa muhtasari. Sasa niseme neno juu ya kushuka kwake, ambako watu wa mitaani hukuita mrejesho. Katika nchi yetu tumejifunza kupeleka kuliko kurudisha. Mikutano mingi hufa si kwa sababu watu hawana kero, bali kwa sababu walikuja mara ya kwanza wakasema, mara ya pili wakasema yale yale, na mara ya tatu wakaona afadhali wakae dukani kwao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia hoja yao ilifika wapi. Haidhuru jibu liwe ni hapana. Diwani anayesimama na kusema kwamba mtaro umeombwa, umekadiriwa, umenyimwa fedha mwaka huu kwa sababu zahanati imetangulia, na utaombwa tena mwaka ujao, huwaacha watu wamenuna lakini hawajadanganywa. Na mwaka unaofuata watarudi. Ile desturi ya kuwasomea watu mapato na matumizi, ambayo kila mwananchi wa Tanzania anaijua kwa jina hata kama hajapata kuiona ikitendeka mtaani kwake, inatoka katika hekima hiyo hiyo. Mwenye nyumba anayetoa ada ya taka kila mwezi, akabandikiwa ukutani katika ofisi ya mtaa kwamba mwezi uliopita zilikusanywa shilingi kadha, gari la taka likaja mara kadha, na zimebaki shilingi kadha, hulipa mwezi unaofuata pasipo kusukumwa. Asiyebandikiwa kitu hutafuta kila hila ya kukwepa, na kisha taka zake zikaonekana alfajiri ndani ya mtaro.

Majirani zetu nao wana njia zao. Katika Zanzibar shehia huongozwa na sheha, ambaye hachaguliwi kwa kura bali huteuliwa na mkuu wa mkoa. Kwa hiyo diwani wa huko hufanya kazi na mtu ambaye dhamana yake inatoka juu. Katika Kenya, tangu kuanza kwa serikali za kaunti mwaka 2013, mahali pa diwani wa zamani pameshikwa na mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, na wadi ziko 1,450. Katiba ya mwaka 2010 imelifanya jambo la kuwashirikisha wananchi kuwa sharti. Mfano mkubwa wa huko ni Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi wenye kaya zipatazo 100,000, ambao mwezi Agosti 2017 kaunti iliutangaza kuwa eneo la mipango maalumu. Wakaazi, wakiongozwa na jumuiya ya Muungano wa Wanavijiji, waligawanyika katika vikundi vya kaya kumi kumi, ili kila uchochoro upate kauli, na kauli hizo zikakusanywa mpaka zikawa mpango wa barabara, maji, afya na makaazi. Kugawanya watu kumi kumi si jambo geni kwa Mtanzania aliyezijua nyumba kumi na mabalozi wake. Jipya la Mukuru ni kwamba vikundi viliundwa ili maneno yatoke chini, hali mabalozi wetu walizoea zaidi kuyateremsha.

Narudi nyumbani kumalizia na jambo linalonisumbua kuliko yote, nalo ni nani aliyemo mkutanoni na nani hayumo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, wenye kata 102. Basi diwani mmoja huwasemea, kwa wastani, watu zaidi ya 50,000. Muhali mtu mmoja kuwajua hao wote. Huwajua wale wanaokuja, na wanaokuja kwa kawaida ni wenye nyumba, wazee waliostaafu, na wanachama wa chama chake. Jambo hili huwa zito zaidi kiongozi apitapo bila kupingwa, kama ilivyotokea mwaka 2019, vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, na wenyeviti wengi mno wakapata viti pasipo kura kupigwa. Kwani asiyeombwa kura hana haja ya kuuliza kila mlango. Halafu mwenyekiti huyo hana mshahara. Hupewa posho, tena mara haba, naye amri zote za serikali humfikia, kuanzia chanjo hadi ulinzi shirikishi. Sishangai wengine wakitoza kwa ajili ya barua na mihuri, ingawa ni dhuluma; nashangaa zaidi kwamba halmashauri zimeliona jambo hili miaka yote na kuliacha.

Wanaokosekana kabisa ni wapangaji. Katika Manzese, Tandale, Vingunguti na Mbagala, wao ni umati mkubwa, na ndio wakaao katika vyumba vya bondeni ambavyo kodi yake ni nafuu kwa kuwa vinafurika. Wengi wao hudhani kwamba mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba, na wenye nyumba wengi hawafanyi haraka ya kuwatoa katika dhana hiyo. Mtaro ukijengwa na mtaa ukapendeza, kodi hupanda, na mpangaji aliyevumilia maji kwa miaka huhama kabla hajaonja ukavu. Wala sheria haikumfungia mlango: imeuliza umri wa miaka 18 na kwamba mtu anaishi pale, haikuuliza hati ya nyumba. Kwa hiyo mwenyekiti aitishaye mkutano saa nne ya asubuhi siku ya kazi, wakati mama ntilie yuko jikoni, dereva wa bodaboda yuko barabarani na mchuuzi yuko Kariakoo, amekwisha kuchagua nani atakayesikilizwa. Mkutano ukifanywa Jumapili alasiri, tangazo likapita kwa kipaza sauti katika vichochoro vya wapangaji siku mbili kabla, na mtendaji akaandika katika muhtasari wake wangapi waliohudhuria ni wapangaji na wangapi ni wanawake, Kamati ya Maendeleo ya Kata itakuwa na kitu cha kumwuliza mwenyekiti huyo katika kikao chake kinachofuata.